Njia ya Kwenda Lamu

Karani wa Serikali akipokea baruwa ya kuhamishiwa Lamu, wenzake wa afisini humpa pole kana kwamba amefiwa. Nami nilipofanya shauri la kwenda huko, rafiki mmoja aliniuliza kama nimekosana na mtu nyumbani. Hivyo ndivyo mji huu ufikiriwavyo na watu wengi wa bara: mahali pa mbali, penye mchanga na punda, na ambapo msafiri hana hakika ya siku ya kufika wala ya kurudi.

Lakini neno hili la "mbali" lina historia yake, na yafaa tulichunguze kabla ya kulikubali. Lamu haikuwa mbali siku zote. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, una maandishi ya mwaka 1370. Mwaka 1441 kadhi wa Lamu alikuwa Makka, na mwandishi mmoja wa Misri akaandika khabari zake. Reli ilipofika mahali paitwapo Nairobi, mwaka 1899, pale palikuwa kinamasi na malisho ya ng'ombe; na wakati huo watu wa Amu walikuwa wamekwisha sali katika misikiti ya mawe kwa miaka zaidi ya 500. Basi ikiwa mmoja wa miji hii miwili ulikuwa porini, haukuwa Lamu.

Jambo lililobadilika ni njia. Zamani njia ya Lamu ilikuwa bahari, na bahari ilikuwa njia kuu ya ulimwengu. Kisha watu walianza kuhesabu safari kwa reli na motakaa, na mji uliokuwa mlangoni ukajikuta umekaa uani.

MAHALI PENYEWE

Msomaji asiyepata kufika na afikiri kundi la visiwa vilivyopangwa kando ya bara, upande wa kaskazini wa mdomo wa mto Tana. Cha kwanza ni Lamu. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo, ni Manda. Kaskazini zaidi ni Pate, kilicho kikubwa kuliko vyote, chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Na baada yake huja Ndau na Kiwayu, hata mtu akafika Kiunga na mpaka wa Somalia. Kati ya visiwa na bara maji ni membamba, na pande zote yamezungukwa na mikoko.

Mji wa Lamu haukujengwa kuelekea bahari kuu. Umegeuza uso wake kwenye mkondo, nao Manda umeusimamia mbele kama ukuta. Mawimbi ya kusi hupiga upande wa Shela na kwenye fukwe za nyuma. Mjini chombo hulala kama kimelala katika ziwa. Mabaharia wa kale hawakuwa wajinga walipochagua mahali hapa. Tena nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga ambavyo hunywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji. Hili si jambo dogo. Huko Manda magofu ya Takwa yangali yamesimama, pamoja na msikiti wake na nguzo yake ndefu juu ya kibla, lakini mji wenyewe ulihamwa katika karne ya 17, na inasemwa kwamba maji yalikuwa mamoja ya mambo yaliyowaondoa watu. Wengi wao walivuka wakakaa Shela, na wajukuu wao hurudi Takwa kuomba mvua.

Katika kisiwa cha Pate pana magofu ya zamani zaidi, yaitwayo Shanga. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua hapo katika miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa moja juu ya magofu ya mwingine, na ule wa chini kabisa ulikuwa wa karne ya 8, umejengwa kwa miti na udongo. Kwa hiyo Uislamu na biashara ya ng'ambo katika pwani hii si mambo ya jana.

KASKAZI NA KUSI

Biashara yote ya Lamu iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Desemba na kuendelea hata Machi. Hiyo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi huingia Aprili, na kwa hiyo vyombo hivyo vilirudi kwao. Nahodha aliyechelewa kufunga biashara yake alikaa miezi mingine akingoja upepo. Ndiyo maana wageni wengi walioa huku, na ndiyo maana mtu wa Lamu akianza kuhesabu nasaba yake yafaa uwe umekwisha kula.

Majahazi yalileta tende, chumvi, nguo, mazulia, vyombo vya kaure na samaki mkavu. Yalirudi na pembe, samli, mtama, ufuta, ngozi, magamba ya ng'amba, na zaidi ya yote boriti za mikoko. Katika nchi za Ghuba hakuna miti ya kujengea, na kwa mamia ya miaka dari za nyumba za kule zilishikwa na boriti zilizokatwa katika vidimbwi vya Lamu. Wakataji huzihesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata nyumba za Lamu zenyewe zilipimwa kwa mti huu. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe, yenye daka mlangoni, misana, na zidaka ukutani, utaona kwamba vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, havizidi kama mita 3 kwa upana. Sababu yake ni kwamba boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Mikoko ndiyo iliyompa fundi kipimo.

Wenyeji nao walikuwa na vyombo vyao. Kilichokuwa na sifa kupita vyote ni mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi wala hazikupigwa msumari, na tanga lake lilikuwa la miyaa, la pembe nne. Mtepe wa mwisho ulipotea mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini katika kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, mafundi wangali wanaunda majahazi na mashua, nao hupima kwa jicho na kwa uzi.

Biashara hii ilikuwa na upande mwingine ambao haufai kufichwa. Mashamba makubwa ya mtama, mahindi na ufuta yaliyokuwa ng'ambo ya bara, yaliyowatajirisha wenye nyumba za mawe katika karne ya 19, yalilimwa na watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari, na mwaka 1907 hali yenyewe ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba mengi yalirudi kuwa msitu.

VITA VYA SHELA

Wareno walifika katika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 16, na Lamu, ilipoona miji mingine ikichomwa moto, ilikubali kulipa kodi. Haikuwaokoa sana. Mwaka 1589, baada ya Mturuki Ali Bey kushindwa, Wareno walimkata kichwa mfalme wa Lamu kwa kuwa alikuwa upande wa adui yao. Baada ya Wareno kuondolewa Mombasa mwaka 1698, ugomvi uliobaki ulikuwa wa majirani: Pate na Lamu, na nyuma ya Pate walikuwa Mazrui wa Mombasa.

Yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na Mombasa yalishuka Shela ili kuitia Lamu mkononi. Watu wa Lamu walitoka wakapigana nao juu ya mchanga, wakawashinda, na walioshindwa wakakimbilia vyombo vyao. Husimuliwa kwamba walipofika pwani walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, wala havisukumiki. Waliouawa pale pwani walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Watu wa Shela husema kwamba mpaka zamani za karibu upepo ukivuma sana juu ya vilima vile ulifunua mifupa.

Nimeisimulia khabari hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mgeni hulisahau: katika nchi hii ya visiwa saa haihesabiwi kwa mkono wa saa bali kwa maji kujaa na kupwa. Jeshi zima liliangamia kwa kutojua zamu ya maji, au kwa kuisahau. Abiria wa leo hafi kwa hilo, lakini hukosa chombo, kama nilivyokosa mimi.

Lamu, kwa kuogopa kisasi, ilimwomba msaada Seyyid Said wa Omani, naye akaleta liwali na askari. Ngome iliyosimama katikati ya mji ilimalizika mnamo 1821. Kwa miaka mingi ngome hiyo ilikuwa gereza, hata mwaka 1984, na baadaye ikawa mikononi mwa idara ya makumbusho. Siku hizi watoto husoma vitabu mahali walipofungiwa babu zao. Pate ilififia. Siyu, mji wa mafundi wa ngozi na viti na wa waandishi wa misahafu, haikukubali upesi: mwaka 1844 jeshi la Seyyid Said lilishindwa huko na amiri wake akauawa, na haikutiishwa kabisa hata zamani za Seyyid Majid katika miaka ya 1860. Ni katika nyumba ya mtawala wa Siyu, Bwana Mataka, alikokaa Mwana Kupona binti Mshamu, yule ambaye utenzi wake wa wasia kwa binti yake, uliotungwa mwaka 1858, ungali unasomwa na wake wa pwani.

JINSI LAMU ILIVYOKUWA MBALI

Mwishoni mwa karne ya 19 Lamu ilikuwa bado mahali ambapo wakubwa wa Ulaya walipagombania. Huko Witu, katika bara ya ng'ambo, Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotoka Pate, alifanya mapatano na Wajerumani, na mwaka 1885 nchi yake ikawekwa chini ya himaya yao. Novemba 1888 Wajerumani walifungua posta katika mji wa Lamu. Makarani wanaosoma gazeti hili watapenda kujua kwamba baruwa ziliweza kutoka Lamu kwenda Berlin kwa stempu wakati ambapo sehemu kubwa ya bara ya Kenya haikuwa imepata kuona bahasha. Lakini mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipatana, Witu ikaachwa mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1891 posta ile ikafungwa.

Kisha likatendeka jambo ambalo halikuwa vita wala mkataba. Mwaka 1896 palianza kutandikwa reli, na reli hiyo ilianzia Mombasa. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, pembe, ngozi, na baadaye pamba na kahawa, vyote vilifuata chuma hata Kilindini. Meli za moshi hazikuhitaji kaskazi wala kusi. Zilihitaji maji ya kina na gati, na zote zilijengwa Mombasa. Hakuna mtu aliyetoa amri kwamba Lamu ife. Ilipitwa tu. Vijana walianza kwenda Mombasa kutafuta kazi, na wakaandika nyumbani kwamba hawatarudi mwaka huu.

Yaliyobaki ni boriti, nazi, maembe, samaki, na elimu ya dini. Karibu na mwaka 1900 Habib Saleh alijenga Msikiti wa Riyadha, akawafundisha hata wale ambao wenye nasaba hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja, na kila mwaka katika Mfungo Sita watu huja kwa Maulidi kutoka visiwa vyote na kutoka ng'ambo. Hata boriti nazo zikaja kufungwa: mwaka 1982 Serikali ilikataza zisipelekwe nje, kwa kuilinda mikoko, na majahazi machache ya Arabuni yaliyokuwa yakija bado hayakuwa na sababu ya kuja tena. Katazo lile lilikuwa na maana yake, kwani zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu. Lakini mkataji wa mikoko hakuulizwa atakula nini.

MAJI MATANO

Sasa nije kwenye barabara, maana hapa ndipo mkulima na karani wanapoguswa. Kutoka Mombasa hata Mokowe, gati la bara linaloelekea Lamu, ni yapata kilomita 340. Si mbali, ni pungufu ya Mombasa na Nairobi. Lakini zamani msafiri alikuwa na maji matano ya kuvuka. La kwanza lilikuwa Nyali, ambako mwaka 1931 palitiwa daraja la kuelea. La pili Mtwapa, ambako kivuko kilivutwa kwa mnyororo na watu walioimba huku wakivuta. La tatu Kilifi, kwa kivuko tena, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. La nne lilikuwa mto Tana huko Garsen. La tano ni mkondo wa Mokowe wenyewe.

Kati ya hayo, lililovunja mioyo ni Tana. Mto huo huja na mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua, na unaweza kufurika Garsen jua likiwaka na bila tone moja kuanguka hapo. Katika mafuriko ya 1961, na tena ya mwaka 1997, nchi yote ya bondeni ilikuwa bahari. Barabara ya Garsen hata Witu ilikuwa ya udongo mweusi ambao ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Mkulima wa Mpeketoni, ambako watu wengi wa bara walipewa mashamba tangu miaka ya 1970 katika mpango wa ziwa Kenyatta, aliweza kuvuna pamba, korosho, mahindi na maembe kwa wingi, kisha akayatazama. Embe halingojei barabara ikauke. Mchuuzi aliyethubutu kuja na lori alitaja bei anayotaka yeye, na mkulima alikubali kwa sababu lori la pili halikuwako.

Tena palikuwa na hofu. Katika vita vya mashifta, baada ya mwaka 1963, vijiji vya Wabajuni vya bara upande wa kaskazini vilihamwa, na watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi, na mashamba yao yamekuwa neno la kesi hata leo. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Tangu hapo msafiri wa basi amezoea kusimamishwa, kushuka, kuonyesha kipande chake, na kungoja mabasi mengine ili yasindikizwe na askari.

Lami imekwisha kutandikwa kutoka Garsen kupitia Witu hata Mokowe, na aliyekuwa akitumia siku mbili au tatu wakati wa masika sasa aweza kutoka Mombasa alfajiri akala chakula cha mchana Lamu. Hili ni jambo kubwa na linastahili shukrani. Hata hivyo mwisho wa mwaka 2023 mvua kubwa ilikata barabara mahali paitwapo Lango la Simba, na mabasi yakasimama kama zamani. Watu wa Lamu walifanya walilofanya babu zao: waligeuka wakatazama bahari.

SAFARI YA PATE

Lakini kufika Lamu si kufika visiwani. Niliposikia watu wa mjini wakilalamika juu ya safari, mzee mmoja niliyekaa naye gatini alicheka, akaniambia niende Faza kwanza kisha nirudi niseme.

Nilikwenda. Mashua za mtambo hutoka Lamu kwa kufuata maji. Ziko njia mbili: moja ni ya nje, ya baharini, ambayo wakati wa kusi kali haina raha, ya pili hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa huwa ni tope. Mimi niliyezoea saa ya mkononi nilikuja gatini baada ya chakula, nikiwa na tikiti na mzigo wangu, nikaambiwa kwamba chombo kimekwenda, kwa kuwa maji hayakuweza kuningoja. Nililala Lamu usiku mwingine.

Siku ya pili nilikuwa gatini mapema. Tuliketi abiria kama arubaini, pamoja na magunia ya unga, mabati, mitungi ya gesi, godoro mbili, na mbuzi aliyetutazama sote kwa dharau. Tulishuka Mtangawanda, gati la upande wa magharibi wa Pate, na kutoka pale kila mtu akashika njia yake, huyu kwa miguu, huyu kwa punda, huyu kwa pikipiki. Waendao Faza na Kizingitini waliendelea na chombo. Mji wa Pate wenyewe, uliokuwa zamani na wafalme na siwa ya pembe, hauna maji ya kutosha mbele yake isipokuwa yakijaa. Ukifika wakati mwingine utavua viatu utembee topeni.

Katika chombo kile alikuwako mama mmoja mja mzito, amelazwa juu ya mkeka chini ya turubali, na mamaye amemshika mkono. Alikuwa amekuja hospitali ya Lamu, akaambiwa siku zake bado, naye sasa anarudi kwao Siyu. Nilimwuliza mamaye watafanya nini siku ikifika na maji yamekupwa. Alinijibu kwamba watamwomba Mungu maji yawe yamejaa. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama sisi wa bara tunavyosema juu ya mvua. Watu wa visiwa hivi wana zahanati, na ziko mashua za wagonjwa, lakini mashua haipandi juu ya tope. Wahandisi wakizungumza juu ya kuchimba Mkanda uwe na kina, huku Lamu hakuna anayeliona kuwa jambo la watalii.

BANDARI MPYA

Nimeanza kwa kusema kwamba dunia iliiacha Lamu kwa sababu ya reli na gati. Sasa gati limekuja. Mwezi wa Machi 2012 palizinduliwa mpango wa bandari kubwa katika ghuba ya Manda, upande wa bara, mahali paitwapo Kililana, pamoja na barabara, reli na bomba la kufika Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kina cha maji yake ni mita 17.5, na meli ambazo baharia wa mtepe asingeziamini aweza kuziona zimefunga pale.

Ili meli hizo zipite, bahari ilichimbwa, na tope likatawanyika juu ya miamba na majani ya chini ambako wavuvi wa Lamu walitega madema tangu enzi za mababu. Mvuvi wa hapa hana mashine ya kumpeleka bahari kuu; ana dau na ndani ya ghuba. Waliishitaki Serikali, na mwezi wa Mei 2018 Mahkama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hata hivyo maneno ya malipo hayakwisha siku ile. Yaliendelea kwa miaka, kwa rufani na mapatano, na wako waliokufa wakingoja.

Sisemi bandari ni mbaya. Vijana wa Lamu wanataka kazi, na wamechoka kuandikia nyumbani kutoka Mombasa. Shauri ninalolisikia kila barazani ni lingine: kwamba wanaotakiwa bandarini ni wenye vyeti vya ufundi ambavyo shule za visiwani hazikuwafundisha, na kwamba ardhi ya bara ilianza kununuliwa na wageni kabla mwenye kuilima hajapata hati. Mtu wa Hindi au Mkonumbi aliyelima mahali pamoja miaka arubaini bila karatasi ana haki ya kuogopa barabara nzuri, maana barabara nzuri huleta pia mtu mwenye karatasi.

Mji wenyewe umehifadhiwa. Mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwenye nyumba ya mawe hawezi kuibomoa apendavyo, ingawa haambiwi ni nani atakayemlipia boriti mpya. Katika njia kuu, waiitayo Usita wa Mui, watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na punda wana haki ya kwanza. Kwa miaka mingi motakaa iliyojulikana hapo ilikuwa ya Bwana D.C. Siku hizi pikipiki zimeingia pembezoni, na wazee hawazipendi.

Siku ya kurudi nilivuka kwenda Mokowe alfajiri. Pale gatini mashua ilikuwa ikipakua vikapu vya kaa na samaki kutoka Kizingitini, vimefunikwa kwa magunia mabichi, na lori lenye barafu likingoja na mtambo wake unanguruma. Dereva alitaka kuondoka, kwa sababu msafara wa mabasi ulikuwa karibu kutoka nao askari hawangojei. Wachukuzi walitaka aongeze kidogo, maana mashua ya pili ilikuwa imekwisha onekana mkondoni, imekaa chini kwa uzito, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Walibishana bei ya kila kikapu huku wakipakia. Nilipopanda basi langu mashua ile ilikuwa bado haijafika, na lori lilikuwa bado linangoja.